Niliyojifunza kuhusu misuli na viungo baada ya kuvunjika pia ya goti

Mtu akivunjika mfupa, kila anayekuja kumjulia hali huulizia mfupa. Umeunga? Picha imeonyesha nini? Ni maswali ya haki, lakini kwangu mfupa ndio uliokuwa na shida ndogo kuliko vyote. Pia ya goti, ule mfupa wa duara unaochezacheza mbele ya goti mguu ukiwa umenyooka na kulegea, ilipasuka bila vipande kuachana, kwa hiyo daktari hakuona haja ya upasuaji. Mguu ukafungwa plasta ukiwa umenyooka, kutoka pajani hadi karibu na kifundo, nami nikaambiwa ningoje. Mfupa ukaunga kwa wakati wake. Kilichochukua muda, na kilichonifanya nisome na kuuliza mambo niliyoyaacha tangu shuleni, ni vile vilivyouzunguka mfupa huo: misuli na kiungo chenyewe.

Shuleni tulifundishwa misuli kwa jedwali. Aina tatu: ya mifupa, laini, na ya moyo. Ukurasa mwingine, viungo: visivyosogea, vinavyosogea kidogo, vinavyosogea sana. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukasonga mbele. Sikumbuki mwalimu yeyote akituambia kwamba kurasa hizo mbili zinasimulia habari moja, na kwamba ukigusa upande mmoja, ule mwingine unaugua. Hilo nililijua nikiwa na mguu usioweza kupinda.

Somo la kwanza halikutoka mguuni. Lilitoka tumboni. Siku za mwanzo nilipewa dawa kali za maumivu, zile za jamii ya afyuni. Maumivu yakapoa, lakini choo kikawa hakipatikani. Muuguzi alikaa nami akanieleza kwa utulivu kwamba ukuta wa utumbo una tabaka mbili za misuli laini, moja ikiuzunguka utumbo na nyingine ikilala kwa urefu wake, na kwamba kubana na kulegea kwa tabaka hizo kwa zamu ndiko kunakosukuma chakula kwenda mbele. Dawa za namna ile huupunguza msukumo huo. Maji mengi, dawa ya kulainisha choo, na kupunguza zile dawa kali mapema kadiri daktari alivyoruhusu vilinisaidia. Tangu siku ile sijawahi kuiona misuli laini kama mstari wa kukariri. Iko katika kibofu, katika mfuko wa uzazi, katika mirija ya hewa, katika ile duara yenye rangi ya jicho inayopanua na kufinya mboni, hata kwenye shina la kila unywele: baridi ikikupiga ngozi ikasisimka, ni misuli laini midogo sana iliyovuta vinyweleo vikasimama. Hufanya kazi polepole, hubana kwa muda mrefu bila kuchoka, na haingoji amri ya mtu.

Kuna mahali pengine nilipoihisi. Mara ya kwanza kusimama kwa magongo baada ya kulala sana, chumba kilizunguka. Mtu akisimama, damu huvutwa chini kuelekea miguuni, na misuli laini iliyomo katika kuta za mishipa ya damu inatakiwa ibane mara moja huku moyo ukiongeza kasi, ili ubongo usikose damu. Mwili uliolala kwa muda mrefu huwa mzito kuitika, na hata kiasi cha maji ya damu hupungua. Nilifundishwa nikae kwanza ukingoni mwa kitanda, nichezeshe vifundo vya miguu juu na chini, kisha ndipo nisimame. Ule mchezo wa vifundo una kazi kubwa. Misuli ya shavu la mguu ikikaza hukamua vena zilizo ndani yake, na vilango vidogo vilivyomo kwenye vena huzuia damu isirudi chini, kwa hiyo damu hupanda. Mguu uliofungwa hukosa ukamuaji huo, ndiyo maana mtu mwenye plasta huonywa kuhusu damu kuganda. Shavu la mguu likivimba, likiuma na kupata joto, au pumzi ikikata ghafla na kifua kuuma, ni hospitali saa hiyohiyo, si kesho.

Magongo nayo yalinifundisha viungo ambavyo havikuwa vimevunjika. Nilioneshwa kubeba uzito kwa viganja, si kwa kwapa, kwa sababu kwapani hupita neva za mkono na zikigandamizwa sana mkono unaweza kufa ganzi na kulegea. Basi viganja, viwiko na mabega vikapewa kazi ya miguu, na baada ya muda mfupi nilijua kila kimoja kimeumbwaje. Kiwiko hukunja na kunyoosha, kwa hiyo ukikifunga kimenyooka kinabeba mzigo kwa uaminifu. Bega ni habari nyingine. Kichwa cha mfupa wa mkono ni tufe kubwa lililokaa kwenye kikombe kidogo chenye kina kifupi, ndiyo maana mkono huzunguka pande zote, na ndiyo maana bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa mwilini. Linashikiliwa zaidi na misuli kuliko na mifupa: misuli minne mifupi inalikumbatia tufe hilo na kulivuta ndani ya kikombe kila unapoinua mkono. Nyonga nayo ni tufe na kikombe, ila kikombe chake kina kina kirefu na ligamenti zake, kamba zinazounga mfupa na mfupa, ni nene, kwa hiyo haizunguki kwa uhuru wa bega, lakini inabeba mwili mzima.

Viungo vingine nilivitazama kitabuni tu. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshonwa kwa nyuzi ngumu, haisogei. Pingili za uti wa mgongo zimetenganishwa na visahani vya gegedu, ile tishu imara inayonyumbulika, zinasogea kidogo kidogo na jumla yake ndiyo inayotuwezesha kuinama. Pingili ya kwanza ya shingo huzunguka juu ya kijiti cha pingili ya pili, na hapo ndipo unapotikisa kichwa kukataa. Kidole gumba kina kiungo chenye umbo la tandiko kwenye kitako chake, na bila hicho mtu asingeshika kalamu.

Sasa nirudi pajani.

Plasta ilipokatwa, niliona mguu ambao sikuutambua. Paja lilikuwa jembamba, limelegea, ngozi imekauka. Nilitegemea udhaifu, sikutegemea mguu usionisikia. Binti aliyekuwa akinihudumia kwenye tiba ya viungo aliweka taulo lililokunjwa chini ya goti langu.

“Mama, kandamiza goti lishuke kwenye taulo. Kaza paja.”

“Nakaza, mwanangu.”

“Bado. Weka mkono wako hapa juu ya goti, uone.”

Niliweka. Chini ya kiganja changu hapakuwa na kitu kinachokaza. Kichwani nilikuwa nimetoa amri kwa nguvu zangu zote, hata taya nimelibana, lakini paja lilikuwa kimya. Niliogopa kwamba neva imekatika. Akaniambia hapana, neva ni nzima na msuli ni mzima, ila goti limejaa maji. Ndani ya kiungo mna vipokezi vinavyohisi mkazo na uvimbe, na vikihisi kiungo kimejaa hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, nao uti wa mgongo huzuia amri ya kukaza msuli wa mbele ya paja. Ni ulinzi wa mwili, na hauhitaji maumivu ili ufanye kazi. Maji kidogo tu yaliyozidi kwenye goti yanatosha kuulegeza msuli huo.

Nataka msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyoyapata. Watu wengi walioumia goti huambiwa ni wavivu wa mazoezi, au wao wenyewe hujilaumu kwamba hawajitahidi. Kumbe kiungo kinaweza kuuzima msuli. Na msuli uliozimwa hauwezi kukilinda kiungo, kwa hiyo kinaumia tena na kuvimba tena. Kuuvunja mzunguko huo ndiyo kazi ya kwanza ya tiba, na huanza na vitu vidogo: barafu iliyofungwa kitambaa, kuinua mguu juu ya kiwango cha moyo, na kukaza paja tena na tena hata kama hakuna kinachoonekana. Tulianza kwa kukaza mapaja yote mawili kwa pamoja, nikiwa nimeweka mkono mmoja kwenye zima na mwingine kwenye gonjwa. Kwanza ukaja mtetemo, baadaye mkazo wa kweli, na hatimaye pia ya goti ikaonekana ikivutwa juu. Yule binti alifurahi kuliko mimi.

Msuli wa mbele ya paja kwa kweli ni misuli minne inayoungana kuwa kano moja. Kano hiyo huikumbatia pia ya goti, ikapita mbele ya goti na kujishikiza kwenye muundi. Pia ya goti haikuwekwa pale kama ngao tu, ingawa wengi tunadhani hivyo. Inaisogeza kano mbele, mbali na kitovu cha goti, ili mvuto uleule uzae nguvu kubwa zaidi ya kunyoosha mguu. Hapo nikaelewa kwa nini mguu ulifungwa ukiwa umenyooka: kila goti linapopinda, kano huivuta pia ya goti juu na chini, na vipande vyangu vingeachana.

Neno nililolisikia mara nyingi ni kwamba msuli huvuta, hausukumi. Kila mahali unapouona mwili ukisukuma, kuna msuli mahali fulani unavuta mfupa kuzunguka kiungo. Kwa hiyo misuli ya mifupa hupangwa kwa kukabiliana. Mbele ya paja kuna inayonyoosha goti, nyuma ya paja kuna inayolikunja, na mmoja ukivuta mwingine unapaswa ulegee kwa kiasi. Mwilini tuna misuli ya namna hii zaidi ya 600, na kwa mtu mzima hufikia takriban asilimia 40 ya uzito wake. Tunaiita ya hiari, nami sina ugomvi na jina hilo, ila kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo nacho ni msuli wa kundi hili, na kinavuta pumzi usiku kucha bila hiari ya mtu.

Ndani ya msuli kuna jambo lililonishangaza. Mwaka 1954, watafiti wa makundi mawili, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande mwingine, walitoa maelezo yanayofanana katika toleo moja la jarida la Nature. Akina Huxley hao wawili hawakuwa ndugu. Walichokionyesha ni kwamba msuli ukikaza, nyuzi za protini zilizomo ndani yake hazifupiki. Zinateleza na kupishana. Nyuzi nene za mayosini zina vichwa vinavyozishika nyuzi nyembamba za aktini, vinavuta, vinaachia, vinashika tena mbele kidogo. Na nishati inahitajika hata kwa kuachia. Ndiyo sababu maiti hukakamaa: nishati imekwisha, vichwa vimeshika na haviwezi kuachia.

Msuli usiotumiwa huvunja protini zake haraka kuliko unavyozitengeneza, na kupungua huanza ndani ya siku chache za mwanzo, tena mbele ya paja hupungua kuliko nyuma. Lakini kilichonipa moyo ni kwamba kwa sehemu kubwa nyuzi hazipotei, zinakonda. Kilichokonda hunenepa tena.

Kiungo chenyewe kilikuwa na shida yake. Goti zima hupinda nyuzi 135 au zaidi, na kukaa vizuri kwenye kiti kunahitaji kama 90. Langu lilikuwa mbali na hapo, na kila nilipojaribu kulipinda lilisimama ghafla, kama kwamba mfupa umegonga mfupa. Haukuwa mfupa. Mfuko unaolizunguka goti ulikuwa umekakamaa, na pia ya goti haikuteleza kwenye mfereji wake. Yule binti aliishika kwa vidole akaisogeza kushoto na kulia, juu na chini, polepole, kisha akanifundisha niifanye mwenyewe nyumbani.

Kupitia kazi hiyo nilielewa maana ya ute wa kiungo. Ncha za mifupa hazigusani. Zimefunikwa gegedu jeupe, laini, linaloteleza, na kati yake kuna ute kidogo sana, mililita chache tu katika goti zima. Gegedu hilo halina mishipa ya damu wala neva. Linapata chakula kutoka kwenye ute huo, na linakipata likikandamizwa na kuachiwa, kama sifongo inavyotoa maji na kunyonya mapya. Kiungo kisichosogea kinakula vibaya. Ndiyo maana siku hizi wataalamu wa mifupa hawapendi kukifunga kiungo muda mrefu kuliko inavyohitajika, na wakikifunga wanataka sehemu nyingine za mguu zisogezwe kila siku.

Jambo jingine kuhusu goti: si bawaba tupu. Linapomaliza kunyooka, muundi huzunguka kidogo kuelekea nje na goti hujifunga, ndiyo maana tunaweza kusimama muda mrefu bila paja kuchoka sana. Kulifungua, kuna msuli mdogo nyuma ya goti unaolizungusha kinyume. Mimi nilipoteza nyuzi chache za mwisho za pembe ya kunyoosha goti, na nilitembea nikichechemea hata pale maumivu yalipokuwa yamekwisha. Watu hushangilia goti likipinda. Wasisahau kuangalia kama linanyooka sawasawa na lile jingine.

Niliporuhusiwa kupanda ngazi, kilichonisimamisha hakikuwa goti. Kilikuwa pumzi. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kwa kazi ndogo. Msuli wa moyo una mistari kama misuli ya mifupa, lakini seli zake zina matawi, zimeunganishwa ncha kwa ncha ili mshtuko wa umeme upite kutoka seli hadi seli na chumba kizima kibane kwa pamoja. Unajianzishia mapigo wenyewe. Neva na homoni huongeza au kupunguza kasi tu. Hupiga takriban mara 100,000 kwa siku na hauna siku ya mapumziko, kwa hiyo seli zake zimejaa mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati. Hata hivyo nao hupungua uwezo ukikosa kazi. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya walilazwa kitandani wiki tatu, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukashuka sana. Walipopimwa tena baada ya miaka 30, ilionekana kwamba zile wiki tatu za kulala ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Niliposoma hilo niliacha kuona aibu ya kuhema, nikaanza kuzoeza moyo kwa makusudi, kwa mazoezi ya mikono nikiwa nimekaa, kisha baiskeli isiyotembea.

Nguvu zilirudi kwa njia ambayo sikuitarajia. Wiki za mwanzo za mazoezi niliweza kufanya zaidi na zaidi, lakini nikipima paja kwa utepe, lilikuwa vilevile. Mwanzoni ni ubongo na neva vinavyojifunza upya kuita nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Unene hufuata baadaye. Anayekata tamaa kwa kuangalia utepe anaangalia mahali pasipofaa.

Kushuka ngazi kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Unaposhuka, msuli wa paja hukaza huku unarefushwa, unashikilia uzito usianguke. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoleta yale maumivu ya siku ya pili baada ya mazoezi, yanayoanza siku inayofuata na kuisha baada ya siku chache. Watu huyalaumu kwa asidi ya laktiki, lakini laktiki huondoka msulini ndani ya kama saa moja baada ya kupumzika. Maumivu hayo yanatokana na michubuko midogo ya nyuzi na uvimbe wa kuitengeneza. Nilijifunza kutofautisha: paja zima likiuma pande zote ni kazi, goti likivimba jioni baada ya zoezi, nimezidisha, kesho napunguza.

Na nusu ya mazoezi yangu haikuwa ya goti kabisa. Ilikuwa ya nyonga. Ukisimama kwa mguu mmoja, misuli ya pembeni mwa nyonga huzuia kiuno kisianguke upande wa pili. Ikiwa dhaifu, paja huzunguka ndani na goti huanguka kuelekea goti lenzake, na pia ya goti husuguana pembeni mwa mfereji wake. Nilioneshwa kwenye kioo nikishuka kidaraja kimoja. Goti langu lilikuwa linakwenda ndani kila mara. Tangu hapo, mtu akiniambia goti linamuuma bila kuwa ameumia, swali langu la kwanza ni kama anaweza kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba.

Goti langu bado hulia nikichuchumaa. Niliuliza, nikajibiwa kwamba mlio bila maumivu wala uvimbe si ugonjwa. Hata kuvunja vidole, yaani kuvivuta mpaka vilie, kunakotishiwa watoto hakujaonyeshwa kuleta ugonjwa wa baridi yabisi. Daktari mmoja Mmarekani, Donald Unger, alivunja vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60, na mikono yote miwili ikabaki sawa. Cha kupelekwa kwa daktari ni goti linalonasa likakataa kunyooka, linaloachia ghafla ukitembea, linalovimba kila baada ya siku chache, au lililo jekundu na la moto huku una homa. Hilo la mwisho halingoji miadi.